Mnara wa Lugalo si kaburi la Mkwawa, na barua nyingine za mwezi huu

Barua za mwezi huu zimejaa mawe. Sijui ni likizo iliyowatoa watu majumbani, au ni haya mabasi ya siku hizi yenye madirisha mapana, lakini wengi mmeniuliza juu ya minara na vibao vya kumbukumbu mnavyovipita barabarani. Nimefurahi mno. Nilifundisha historia miaka 31, na vipindi ambavyo wanafunzi wangu wa zamani bado wananikumbusha ni vile tulivyosoma tumesimama, jua likituchoma utosini, mbele ya jiwe. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zote. Mtanisamehe, mimi ni mtu wa Iringa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kikazi nasafiri sana kwa basi kutoka Morogoro kwenda Makambako. Kabla hatujafika Iringa kuna mnara kando ya barabara, pale Lugalo. Safari iliyopita konda aliwatangazia abiria kwamba lile ni kaburi la Mkwawa. Mama mmoja aliyekuwa dirishani akainamisha kichwa na kusali. Mimi nilinyamaza, ila nina mashaka. Ni kaburi la nani? – Msomaji, Makambako.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Una haki ya kuwa na mashaka. Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, hakuzikwa Lugalo. Alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, upande wa barabara iendayo Ruaha, askari wa Kijerumani wakiwa wameshamkaribia, na kiwiliwili chake kikazikwa huko huko. Kichwa walikikata wakaondoka nacho. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliweka kifungu, cha 246, kilichowaamuru Wajerumani wakabidhi fuvu hilo. Wakazungushana weee, mpaka Edward Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alipolifuata mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, likarudi Kalenga Juni 1954. Lipo hapo hadi leo, kilomita chache kutoka Iringa mjini. Kwa hiyo mtu anayetaka kumsalia Mkwawa ana mahali pawili pa kwenda, na Lugalo hapamo.

Mnara wa Lugalo waliujenga Wajerumani, na waliujenga kwa ajili ya wafu wao.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa jeshi la Kijerumani ulikuwa unapanda kuelekea Uhehe. Aliyeuongoza ni Emil von Zelewski, ambaye watu wa Pwani walikwisha kumpa jina la Nyundo. Msomaji wa Pangani atamjua: ndiye yule aliyekuwa wakala wa kampuni ya Wajerumani mjini humo mwaka 1888, akawafanyia watu kiburi hadi vikalipuka vita vya Abushiri, vya watu wa Pwani dhidi ya Wajerumani. Hakujifunza. Alikuja Uhehe akichoma vijiji njiani, na alitembea kama mtu anayekwenda sokoni. Watu wake walikuwa kwenye mstari mrefu mmoja mmoja, maana njia ilikuwa nyembamba, huku vichaka na majabali upande. Bunduki za askari wengi hazikuwa na risasi ndani. Mizinga ilikuwa imefungwa migongoni mwa punda.

Wahehe walikuwa wamelala kwenye majani, chini ya Mpangile, nduguye Mkwawa. Husimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimwona ndege akampiga risasi, na waviziaji wakadhani ndiyo ishara. Ikiwa ni kweli, basi yule ndege ana sehemu yake katika historia yetu na hajajengewa kitu. Wahehe waliinuka na mikuki. Bunduki ile ya zamani ukiishika tupu mkononi, na mtu mwenye mkuki yuko hatua 20 kutoka kwako, huna muda wa kujaza. Mambo yakaisha kwa dakika chache. Zelewski aliuawa, na Wajerumani wenzake 9, na askari wapatao 250, na wapagazi wengi. Mamia ya bunduki na mizinga 3 ikabaki mikononi mwa Wahehe.

Sasa niungame dhambi yangu. Miaka ya themanini, nikiwa kijana bado na suruali yangu ya bugaluu iliyokwisha kupitwa na wakati, nilipeleka darasa zima pale kwa lori la kuazima. Nikasimama mbele ya mnara, nikanyoosha mkono, nikawaambia wanafunzi: "Hapa wanakumbukwa mashujaa wa Kihehe." Nilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alikuwa amesimama pembeni anatusikiliza. Alingoja wanafunzi wametawanyika kula mihogo yao, akanisogelea taratibu, asiniaibishe.

"Kamwene, Mwalimu. Wewe umewahi kuona mtu anapigwa halafu anamjengea mnara aliyempiga?"

Nikasema sijawahi.

"Basi. Hilo ni la waliopigwa. Sisi letu ni hili." Akapiga ardhi kwa fimbo yake, mara mbili.

Niliwaita wanafunzi, nikawaeleza upya. Kuna mmoja, sasa hivi ni mama mwenye wajukuu, kila tukikutana sokoni ananiuliza kama nimeshasoma kibao.

Toka siku ile nikawa na tabia moja, nayo ndiyo ninayokuomba uichukue, wewe na konda wako. Ukifika kwenye mnara wowote, kabla ya kuuliza unamkumbuka nani, uliza fedha zilitoka kwa nani. Pale Lugalo jibu linakuonyesha mengi. Wajerumani walipata jiwe. Wahehe walipata ushindi, na simulizi. Lakini lipo kundi la tatu ambalo sijawahi kumsikia mtu akiliulizia: wale askari 250. Hawakuwa Wajerumani, na wengi hawakuwa wa nchi hii. Walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na vijana wa kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu, pamoja na wapagazi. Mama wa Kisudani aliyekuwa akingoja mwanawe arudi kutoka kibarua cha Misri hakujua kwamba kuna mahali panaitwa Lugalo.

Mpangile naye, aliyeshinda siku ile, Wajerumani walimtawaza mwishoni mwa mwaka 1896 badala ya nduguye, na baada ya wiki chache tu wakamshuku na kumnyonga, mwanzoni mwa 1897. Ila hiyo ni barua ya siku nyingine. Konda mwambie kwa upole, kama mzee wa mbuzi alivyoniambia mimi. Na yule mama aliyesali, usimhuzunishe. Sala ilikwenda kwa watu waliokufa mbali na kwao, haikupotea.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ofisi yetu iko Posta, Dar es Salaam, hivyo Sanamu ya Askari naipita asubuhi na jioni. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba baba yake alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Kwenye sanamu ile yumo? Na kuna mahali naweza kulipata jina lake? – Msomaji, Mbagala.

JIBU: Salama, mjukuu wangu. Yumo kwa maneno, hayumo kwa jina.

Siku moja fika mapema, kabla daladala hazijaanza kugombana, uizunguke taratibu. Yule wa shaba aliyeinamia bunduki, bayoneti imeelekea upande wa bandari, amevaa sare ya King's African Rifles, yaani jeshi la Waingereza. Mchongaji ni James Alexander Stevenson, na sanamu ilisimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya hapo mji ulikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyewazima Abushiri na wenzake. Wissmann alisimama juu amevimba kifua, na chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua kichwa, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa. Ikaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi wa huko walipoiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Sanamu nazo hufukuzwa nchi kama watu.

Kwa hiyo askari wa leo angalau amesimama peke yake, hamtazami bwana yeyote. Hilo nalikubali. Ila jiulize ilikuwaje kwa wazee wa Dar es Salaam wa mwaka 1927, ambao wengi wao ndugu zao walipigana upande wa Wajerumani. Walijengewa katikati ya mji wao sanamu ya askari wa upande wa pili.

Ukimaliza kuitazama, soma kibao. Maandishi ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja askari Waafrika, kisha wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Aliyeyatunga kwa Kiingereza ni Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Uingereza. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, aliuawa Loos, Ufaransa, mwaka 1915 akiwa na miaka 18, na baba alikufa bila kuuona mwili. Alikuwa mtu anayejua uchungu wa jina lisilo na kaburi. Kwa ajili ya wanajeshi wa Kizungu waliopotea kama mwanawe, kuta nzima zilichongwa majina, moja moja. Ahadi ya kukumbukwa kwa jina ikawekwa Dar es Salaam, na ile ya Nairobi, na ya Mombasa, kwenye minara isiyo na jina hata moja la mpagazi.

Hilo halikuwa bahati mbaya. Maofisa wa wakati ule waliona Mwafrika hatalithamini jiwe la kaburi, sanamu moja kwa wote inamtosha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri yenyewe: watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni kuomba radhi.

Baba yake bibi yako kwa dhana yangu hakufa kwa risasi. Wapagazi wengi waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Waliobeba mizigo ya kilo 25 na zaidi walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wengine wakitoka sehemu wasikoujua unga huo, na matumbo yao yakashindwa. Kambi yao mjini kwako ilikuwa pale ambapo leo unanunua mashuka na vyombo. Neno Kariakoo ni hilo hilo Carrier Corps likiwa limepita katika midomo ya wenyeji. Nairobi wanaita Kariokor. Kwa maoni yangu mnara mkubwa kuliko yote wa wapagazi katika nchi hii ni jina la soko, na hakuna konda asiyelitaja.

Jina lake sasa. Anza na waliobaki hai kabla hujaandika barua kwa mtu yeyote. Wakae chini wazee wa ukoo, uandike jina lake la nyumbani, jina la baba yake, kijiji, jumbe aliyekuwa akitawala, na alichukuliwa msimu gani. Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo andika na namna tatu nne jina linavyoweza kuharibiwa: Mwinyimkuu, Muniku, Mnimku. Ukiwa na karatasi hiyo ndipo uwaandikie Tume ya Makaburi ya Vita. Wanatafuta majina ya watu wa huku, na familia kama yenu ndizo zenye kumbukumbu ambazo kabati zao hazina. Nisikudanganye kwamba utampata. Ila karatasi hiyo itabaki nyumbani, na watoto watakuwa na cha kushika.

SWALI: Mwalimu, mimi ni dereva wa lori. Kule Zambia, barabara ya Mpika kwenda Kasama, karibu na daraja la mto Chambeshi, kuna mnara unamtaja jenerali wa Kijerumani. Mjerumani alifuata nini huko? – Dereva, Tunduma.

JIBU: Alikuwa anakimbia, ndugu yangu, na alikimbia vizuri. Paul von Lettow-Vorbeck aliwazungusha Waingereza miaka minne. Novemba 1917 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, mwaka uliofuata akarudi huku, akapita Songea, akaingia Zambia ya leo, akaiteka Kasama. Ulaya walikwisha kunyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba 1918. Yeye hakuwa na habari. Mnara unaouona unasema hapo ndipo alipoambiwa, tarehe 14 Novemba, na mkuu wa wilaya ya Kasama, bwana Hector Croad. Alisalimisha silaha Mbala, ambayo wakati huo ikiitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba. Ndiyo maana huwa nawaambia watu kwamba vita iliyoanzia Ulaya ilimalizikia kwa jirani zetu, wiki mbili baadaye.

Siku ile alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168. Yeye alipanda meli akapokewa Berlin kwa maandamano. Askari walibaki wakidai mishahara. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee walijitokeza Mwanza bila vyeti, wengine na sare kuukuu, na mlipaji hakujua amwamini nani. Akampa kila mmoja ufagio ashike kama bunduki, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna mzee aliyeshindwa. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa hivyo hasa, ila ningependa uliwaze hilo ukipita Chambeshi usiku, maana kwenye ule mnara hutalikuta.

SWALI: Kati ya Voi na Taveta nimeonyeshwa mbuyu wenye matundu ya risasi. Mwenyeji wetu alisema ndani alijificha mwanamke wa Kijerumani mdunguaji. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Mbuyu upo, vita ilikuwepo. Kule ndiko Salaita, ambako askari wa Afrika Kusini walifurushwa tarehe 12 Februari 1916. Mwanamke mdunguaji nimesimuliwa mara nyingi, na kila msimulizi anamwongezea idadi ya aliowaua, nami hapo ndipo ninapoacha kuandika. Tazama mbuyu, mti wenyewe unatosha.

SWALI: Mwalimu, kijijini kwetu kuna nguzo ya ukumbusho wa vita vya Maji Maji. Kibao cha chuma kimeng'olewa, imebaki misumari minne. Vijana wanasema kimeuzwa chuma chakavu. Tufanyeje? Kuna wanaotaka tuandike kipya, lakini hatukubaliani kilisema nini. – Msomaji, Songea vijijini.

JIBU: Pole sana. Kwanza ripoti kwa mtendaji wa kijiji kwa maandishi, nakala kwa ofisa utamaduni wa wilaya, na uhifadhi nakala yenye muhuri. Wanunuzi wa chuma chakavu waambieni mapema, bila ugomvi, kwamba kibao chenye herufi hamtanyamaza mkikikuta kwenye mizani. Kibao cha aina hiyo kwao ni kilo chache tu. Wakati mwingine kinarudi kimya kimya usiku.

Kuhusu maneno, msiyabuni. Tafuteni picha. Waliofunga ndoa, waliopata kipaimara, waliomaliza darasa la saba, watu wa namna hiyo hupenda kupigwa picha kwenye mnara, na nyuma ya bibi harusi mara nyingi utazikuta herufi. Pekueni maalbamu kabla ya kupekua kumbukumbu za watu. Mimi mwenyewe nina daftari la kurasa ngumu ambamo nilikuwa nikinakili vibao kwa mkaa: unaweka karatasi nyembamba juu ya kibao, unasugua kipande cha mkaa kilicholala ubavu, na herufi zinatokea nyeupe kwenye weusi. Kazi ya dakika tano, mikono inachafuka, ila hata herufi iliyolika na kutu inatokea. Ilinisaidia kwenye kibao kimoja ambacho macho yangu yalisoma 1906 na karatasi ikaonyesha 1905.

Na mkiandika kipya, acheni misumari ile minne mahali pake. Kipya kiwekeni chini kidogo, kiseme kimewekwa mwaka gani na nani, na kwamba cha kwanza kilichukuliwa. Orodha ya majina ya wazee wenu waliokufa, kama mnayo, iwekeni yote. Msiache hata jina moja kwa sababu fundi anatoza kwa herufi. Aniandikie mimi, tutachanga.